Rugerero: Kata Iliyo Kati ya Moto na Maji

Msafiri atokaye Kigali kwenda Gisenyi hupanda na kushuka milima kwa kilometa zipatazo 155. Akiisha kupita mji wa Musanze na kuziona volkano upande wake wa kulia, barabara humteremsha kuelekea Ziwa Kivu. Hupita kwanza soko la Mahoko, katika kata ya Kanama, kisha Nyundo penye kanisa kuu la Wakatoliki, ndipo aingiapo Rugerero. Mabasi mengi hayakawii hapo. Abiria wana hamu ya kufika ufukoni, kwenye mchanga na upepo wa ziwa, au kuwahi mpakani kabla milango ya Goma haijafungwa.

Hata hivyo, Rugerero ni mahali panapostahili kutazamwa kwa utulivu. Si kwa sababu ya hoteli wala majumba, bali kwa sababu ya jinsi watu wake wanavyojifunza kuishi baina ya majirani wawili wasioaminika: mlima wenye moto upande wa kaskazini, na mto wenye hasira upitao katikati ya mashamba yao.

Kata hii ni mojawapo ya kata 12 za Wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda. Wanyarwanda huiita kata "umurenge". Chini ya umurenge kuna "akagari", na chini ya akagari kuna "umudugudu", yaani kijiji. Basa, Gisa na Rwaza ni baadhi ya majina ya sehemu za Rugerero. Msomaji ayaweke akilini maneno hayo, kwa kuwa habari yote ya usalama wa Rugerero inaanzia katika ngazi hizo za chini.

Udongo wa huku ni mweusi na wenye rutuba, zawadi ya volkano za kale. Viazi mviringo, maharage, mahindi, vitunguu, karoti na migomba hustawi mwaka mzima. Ziwani, umbali wa mwendo mfupi tu, wavuvi hutoka usiku na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiwasha taa kuwavuta sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lugha ya nyumbani ni Kinyarwanda, lakini Kiswahili husikika sokoni, bandarini na mpakani, maana Goma ni jirani wa kutembelewa kwa miguu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Lakini kwa watu wa Gisenyi sheria hiyo ilithibitisha tu jambo walilokwisha kulizoea tangu enzi za mababu zao.

Rutuba hiyo ndiyo iliyowavuta watu, na wingi wa watu ndio uliozidisha hatari. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 katika Wilaya ya Rubavu, ambayo eneo lake halifiki kilometa za mraba 400. Maana yake ni zaidi ya watu 1,300 katika kila kilometa moja ya mraba. Mahali penye msongamano wa namna hiyo hapana kipande cha ardhi kinachoachwa wazi kwa hiari. Kando ya mto hulimwa, na kwenye mteremko hujengwa.

MLIMA USIOLALA

Mlima Nyiragongo uko katika Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, lakini volkano haina pasi ya kusafiria. Kimo chake ni meta 3,470 hivi, na katika nyakati zake za uhai kilele chake huonekana chekundu usiku kama kaa la jikoni. Katika miaka hamsini iliyopita mlima huo umepasuka na kumwaga uji wa moto mara tatu: tarehe 10 Januari, 1977, tarehe 17 Januari, 2002, na tarehe 22 Mei, 2021.

Mwaka 1977 uji huo ulishuka kwa kasi ya kutisha, ukaua watu wengi waliokuwa mashambani na vijijini kabla hawajapata nafasi ya kukimbia. Mwaka 2002 ulipita katikati ya mji wa Goma hadi ukaingia ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakauhama mji, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi jioni. Hapakuwa na onyo lililotangulia. Watu waliiona mbingu ikigeuka nyekundu, na macho yao ndiyo yaliyokuwa king'ora chao. Usiku ule ule maelfu walivuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Kambi za muda zilifunguliwa katika Wilaya ya Rubavu, na mojawapo ilikuwa hapa Rugerero.

Uji wa moto ulisimama nje kidogo ya mji wa Goma, lakini ardhi haikutulia. Kwa siku nyingi matetemeko yalifuatana, mengine makubwa, mengine madogo. Nyumba za Gisenyi zilipasuka kuta, barabara zikatoka nyufa, na familia nyingi ziliona heri kulala uani kuliko chini ya paa. Tarehe 27 Mei serikali ya Kongo iliamuru watu wa mitaa kadhaa ya Goma wahame, na maelfu wakavuka tena.

Katika siku hizo watu wa Rugerero walikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Walikuwa wenyeji wa kupokea wageni, na walikuwa wao wenyewe watu walio hatarini. Ni vigumu kumpokea mgeni ukiwa hujui kama nyumba yako itasimama hadi asubuhi. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kila kijiji kilikuwa na watu waliojua nani anakaa wapi, nani ana mgonjwa, na nani ana chumba cha kumweka mama aliyejifungua.

MTO MDOGO, HASIRA KUBWA

Jirani wa pili ni mto Sebeya. Mgeni anayeuona wakati wa kiangazi anaweza kucheka akiambiwa kuwa mto huo unaogopwa. Urefu wake ni kilometa zipatazo 48 tu. Lakini katika safari hiyo fupi huteremka zaidi ya meta 1,000, kutoka milima ya Rutsiro hadi Ziwa Kivu, ukikusanya njiani maji ya Karambo, Pfunda na vijito vingine. Bonde lake lote lagusa wilaya nne: Rutsiro, Ngororero, Nyabihu na Rubavu. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayana mahali pa kupumzika. Yanashuka kwa mbio, nayo huja na udongo, mawe na magogo.

Mto huu una faida zake. Vituo vidogo vya umeme vya Gisenyi, Gihira na Keya vimejengwa kutumia nguvu ya maporomoko yake, na maji ya kunywa ya mji hutolewa humo humo. Mto unaoleta taa na maji ya bomba hauwezi kuitwa adui. Lakini katika msimu wa masika, uanzao Machi hadi Mei na ambao Wanyarwanda huuita "itumba", Mahoko, Nyundo na Rugerero hulala jicho moja wazi.

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 3 Mei, 2023, jicho hilo halikutosha. Mvua kubwa ilinyesha usiku kucha juu ya ardhi iliyokwisha kulowana kwa majuma mengi. Milima ikaporomoka, mito ikavunja kingo. Katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini walikufa watu wasiopungua 130, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka. Wilaya zilizoumia zaidi zilikuwa Rutsiro, Nyabihu, Ngororero, Karongi na Rubavu. Katika bonde la Sebeya mto uliingia majumbani watu wakiwa usingizini. Wengi waliamshwa na maji yenyewe. Kulipokucha, mahali palipokuwa na mashamba ya karoti na vitunguu palikuwa na tope, na mahali palipokuwa na nyumba palikuwa na msingi mtupu.

Askari wa jeshi na wa polisi walitumwa kuokoa watu, kutafuta maiti na kufungua barabara zilizozibwa na udongo. Walionusurika walikaa majuma kadhaa kambini, wakila chakula cha msaada. Rais Paul Kagame alifika Rubavu katika mwezi huo huo kuwapa pole waathirika. Baadaye yakaja maswali magumu zaidi ya chakula na mahema: nani arudi alikokuwa, na nani asirudi tena?

BARAZA LA JUMAMOSI

Ili kuelewa jinsi maswali hayo yanavyojibiwa, ni lazima kutazama jumuiya za wananchi zilivyopangwa. Kila umudugudu una kamati ya watu watano: kiongozi wa kijiji, na wenzake wanaosimamia ustawi wa jamii, usalama, maendeleo, na habari na mafunzo. Hawa hawalipwi mshahara. Ndani ya kijiji, kaya za jirani hukusanywa katika kundi dogo liitwalo "isibo", lenye mkuu wake, "mutwarasibo". Msomaji wa Tanzania atakumbuka mara moja mabalozi wa nyumba kumi. Mutwarasibo ni mtu ajuaye mlango wa kila mwenziwe, na hahitaji daftari kujua kuwa bibi wa nyumba ya tatu hawezi kutembea bila kushikwa mkono.

Kisha kuna umuganda, kazi ya pamoja ifanyikayo Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Desturi ya kusaidiana kwa kazi ni ya kale katika Rwanda. Mwaka 1974 serikali iliifanya kuwa mpango wa taifa, na sheria ya kuiongoza ilitungwa mwaka 2007. Watu wa umri wa miaka 18 hadi 65 hutakiwa kushiriki, na asiyefika bila sababu aweza kutozwa faini. Maduka hufungwa. Toka saa mbili hadi saa tano asubuhi, jembe na koleo ndizo zinazosema. Wanajeshi na polisi nao hushika jembe pamoja na raia.

Ni haki kusema pia kwamba utaratibu wa namna hii ni kama panga: wema wake hutegemea mkono unaoushika. Mwaka 1994 ngazi hizo hizo za utawala wa vijijini zilitumiwa na wauaji wa halaiki kuwasaka Watutsi nyumba kwa nyumba, na neno "kazi" likapewa maana ya kutisha. Watu wa Gisenyi na Nyundo wanalijua hilo kuliko wengi. Kwa hiyo jirani anapobisha hodi usiku leo ili kuokoa, tendo lake lina uzito ambao mgeni hawezi kuupima kwa haraka. Imani kati ya nyumba na nyumba imebidi ijengwe upya.

Kazi ya mikono ikiisha, hufuata baraza. Hapo ndipo mipango ya kijiji huzungumzwa hadharani. Ni mfereji gani umeziba? Ni mteremko upi umeanza kutoa nyufa? Mvua ikinyesha usiku, nani atapiga filimbi, na watu wakimbilie shule ipi? Mambo haya yaonekana madogo, lakini maafa hayana jambo dogo. Mfereji uliozibwa na maganda ya migomba waweza kuelekeza maji ndani ya nyumba tano.

SHAMBA LA BABA NA META KUMI ZA MTO

Katika mabaraza hayo hakuna shauri linalowasha moto wa maneno kama shauri la ardhi. Amri ya waziri ya mwaka 2010 iliweka mpaka: meta 50 kutoka ufuko wa ziwa, meta 10 kutoka ukingo wa mto mkubwa, na meta 5 kutoka ukingo wa mto mdogo. Ndani ya mpaka huo ardhi ni mali ya umma, na haifai kujengwa nyumba wala kulimwa ovyo. Badala yake hupandwa mianzi na mabingobingo, ambayo mizizi yake hushika udongo kama vidole.

Kwenye karatasi, meta kumi ni kitu kidogo. Lakini kwa mjane mwenye kishamba cha upana wa meta ishirini, meta kumi ni nusu ya chakula cha watoto wake. Tena ardhi ya kando ya mto ndiyo iliyo tambarare, ndiyo yenye unyevu, na ndiyo iliyo karibu na barabara na soko. Akiambiwa ahame apande kilimani, haambiwi tu kuondoka kwenye hatari. Anaambiwa kuacha maji ya karibu, majirani aliowazoea, na pengine makaburi ya wazee wake. Kwa sababu hiyo wapo waliohama kwa hiari, wapo waliohama kwa kusukumwa, na wapo waliorudi mto ulipotulia.

Serikali imejaribu kulijibu jambo hilo kwa kujenga vijiji vya mfano, penye nyumba za kudumu, umeme na maji karibu. Huko Muhira, ndani ya Rugerero yenyewe, kijiji cha namna hiyo kimejengwa kwa ajili ya familia zilizotolewa katika sehemu za hatari. Nyumba imara ni neema kubwa. Hata hivyo mkulima aliyepewa nyumba huendelea kuuliza juu ya shamba, maana hapiki matofali. Mpango mzuri wa makazi ni ule unaojibu maswali mawili pamoja: mtu atalala wapi, na atakula nini?

Hapo ndipo baraza la kijiji linapokuwa na kazi ambayo ofisi ya mbali haiwezi kuifanya. Mtaalamu aweza kuchora ramani ya mafuriko kwa hesabu. Lakini mzee aliyezaliwa kando ya Sebeya ajua maji yalifika mti gani alipokuwa kijana. Mama auzaye vitunguu ajua ni nyumba zipi zinazokaa watoto peke yao usiku. Ramani isiyokuwa na habari hizo huwa ni nusu ya ramani.

WATU WA JUU NA WATU WA CHINI

Lipo jambo moja ambalo Rugerero, hata ikijipanga vipi, haiwezi kulitimiza peke yake. Maji yanayoigharikisha hayakunyesha kwake. Yametoka juu, katika milima iliyokuwa zamani imefunikwa na msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu huo ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Ukakatwa kupisha malisho, mashamba ya misonobari, na baada ya mwaka 1994 makazi ya watu waliorudi nchini bila ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili uliosalia ulikuwa hekta kama 600 tu. Kila mti ulioanguka kule juu ulikuwa kikombe cha maji kilichomwagwa juu ya watu wa chini.

Hawakuukata kwa uovu. Aliyelima mteremko wa Gishwati alikuwa na njaa ile ile ya mjane wa kando ya mto. Kwa hiyo dawa yake si lawama bali mashauri. Katika miaka ya karibuni, chini ya mradi uliosaidiwa na Uholanzi na kusimamiwa na Bodi ya Maji ya Rwanda pamoja na mashirika ya hifadhi, vijiji vya bonde la Sebeya vilikaa na kuchora mipango yao ya matumizi ya ardhi: hapa matuta, pale miti, hapa majani ya ng'ombe, pale mtaro wa kupunguza kasi ya maji. Wananchi wenyewe ndio waliochimba na kupanda, na wengi walilipwa ujira wa kazi hiyo. Mabaki ya msitu yamo sasa katika Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na mwaka 2020 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe na mazingira. Bwawa la kuzuia mafuriko nalo limejengwa katika bonde hilo, na kuta za mawe zimejengwa kando ya mto.

Lakini Mei 2023 ilionyesha kuwa ukuta peke yake hautoshi. Matuta yaliyochimbwa kwa miaka michache hayawezi kulipa deni la msitu uliokatwa kwa miongo kadhaa. Kazi hiyo yadai uvumilivu wa kizazi kizima, na yadai mtu wa Rutsiro akubali kupanda mti ambao kivuli chake kitamfaa mtu wa Rugerero asiyemjua. Udugu wa namna hiyo ndio kipimo cha kweli cha taifa.

MFANO WA KATESH

Tanzania nayo imeonja uchungu huo. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Desemba, 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Askari wa Jeshi la Wananchi na wa vyombo vingine walifika kuchimbua tope, kuokoa majeruhi na kusaidia waliokosa makazi.

Kila askari aliyefanya kazi ya namna hiyo ajua ukweli mmoja. Kikosi, hata kiwe hodari namna gani, hufika baada ya saa ya kwanza kupita. Barabara huwa imekatika na simu huwa haziiti. Katika saa hiyo ya kwanza aokoaye ni jirani. Naye kikosi kikifika, swali la kwanza la kamanda ni: nyumba hii ilikuwa na watu wangapi? Kijiji chenye balozi anayejua jibu huokoa maisha. Kijiji kisichokuwa naye humfanya askari achimbe mahali pasipo na mtu huku anayepumua akiwa hatua kumi kando.

KWA FAMILIA NYUMBANI

Mafunzo ya Rugerero yafaa katika nyumba yoyote iliyo kando ya mto, chini ya mlima, au penye nyasi ndefu zishikazo moto wakati wa kiangazi. Hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila familia na ichague mahali pa kukutania, mahali pa juu na palipo wazi, na hata mtoto wa miaka sita apajue. Familia nyingi hupotezana usiku kwa sababu baba amekimbilia barabarani na mama shuleni.

Pili, vitambulisho, hati ya ardhi, kadi za kliniki za watoto na dawa za mgonjwa viwekwe katika mfuko mmoja wa nailoni, karibu na mlango. Mfuko huo uwe na tochi na kipande cha kanga au blanketi. Ng'ombe, redio na magodoro visubiri. Mali hutafutwa tena.

Tatu, nyumba ambayo baba au mama ni askari na yuko kazini izungumze mapema na jirani. Mke wa askari asingoje mumewe arudi ndipo ahame, wala askari wa kike asiache watoto bila kumwambia mutwarasibo wao, au balozi wao, nani atakayewachukua. Askari ajuaye kuwa watoto wake wamo mikononi mwa mtu mwaminifu huokoa watoto wa wenzake kwa moyo mkunjufu.

Nne, maji ya paa yakingwe katika tangi badala ya kuachwa yachimbe msingi wa nyumba na kuteremkia kwa jirani. Lakini volkano ikitoa moshi na majivu, tangi lifunikwe na mfereji wa paa uondolewe, kwa sababu mvua ya siku hizo si salama kunywa.

Tano, katika nchi za volkano zipo hewa nzito zitokazo ardhini na kutulia mabondeni. Watu wa Goma huziita "mazuku". Hazina rangi, tena huua kimya kimya. Mtoto asipelekwe kucheza wala kulala shimoni au bondeni mahali palipojulikana kuwa na mazuku, na kuku au mbuzi aliyekutwa amekufa hapo bila jeraha ahesabiwe kuwa ni onyo.

Sita, onyo likitolewa, litiiwe mara ya kwanza. Kuhama mara tatu bure ni adha. Kukosa kuhama mara moja ni msiba.

Rugerero bado iko kati ya moto na maji, wala hakuna baraza liwezalo kuuzima Nyiragongo au kuiamuru mvua. Liwezalo ni kuhakikisha kwamba usiku ule wa hatari hakuna mlango utakaosahauliwa. Kazi hiyo hufanywa mchana, wakati wa kiangazi, mto ukiwa mdogo na watu wakiwa na nafasi ya kubishana. Watu wa kata yoyote, iwe ya ziwani, ya pwani au ya milimani, waweza kuianza katika mkutano wao ujao kwa kuuliza swali moja tu: hatari ikija leo usiku, nani atambishia nani hodi?